Mafunzo, si Mchanga: Ufundi wa Francis Ngannou katika Mapigano Mchanganyiko

Maisha ya Francis Ngannou, mzaliwa wa Batié magharibi mwa Kamerun aliyetwaa ubingwa wa uzani wa juu katika mapigano mchanganyiko tarehe 27 Machi 2021, yamezoeleka kusimuliwa kwa namna moja: kwamba alichimba mchanga tangu utotoni, kwamba sepetu ilimjengea mabega na mgongo, na kwamba nguvu aliyoipata machimboni ndiyo iliyowaangusha mabingwa wa Marekani na Ulaya. Masimulizi hayo yana chembe ya ukweli, lakini hitimisho lake ni potofu, na upotofu huo una madhara katika nchi ambazo watoto bado wanachimba. Mhadhara huu unadai kwamba Ngannou alifanywa bingwa na mafunzo, tena mafunzo aliyoyapata kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa, na kwamba ushahidi wa dai hilo hautafutwi katika ngumi zake mashuhuri, bali katika pambano aliloshindwa mwaka 2018 na katika jingine aliloshinda kwa shida mwaka 2022.

Hoja hii ina uzito wa pekee Osiri, katika eneo la Nyatike la Kaunti ya Migori, na katika machimbo mengine ya dhahabu yanayouzunguka mpaka wa Migori na Homa Bay. Dhahabu ya ukanda huo ilianza kuchimbwa enzi za ukoloni, mgodi mkubwa wa Macalder ukafungwa katika miaka ya 1960, na tangu hapo kazi imebaki zaidi mikononi mwa wachimbaji wadogo, yaani watu wanaoshuka mashimoni kwa kamba, nyundo na patasi, wakapandisha mawe kwa magunia, wakayasaga na kuyaosha kwa zebaki ili chembe za dhahabu zinaswe. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawatambua wachimbaji hao, na sheria za Kenya zinakataza mtoto kufanyishwa kazi ya hatari. Hata hivyo mashimo ya namna hii, popote yalipo barani Afrika, yana mvuto mkubwa kwa mtoto ambaye kwao hakuna karo. Anayemwambia mtoto wa aina hiyo kwamba gunia la mawe litamfanya awe Ngannou anamdanganya mara mbili, kwanza kuhusu gunia na pili kuhusu Ngannou.

Kabla ya kuendelea inafaa kueleza mchezo wenyewe. Mapigano mchanganyiko, yanayojulikana duniani kwa kifupi cha MMA, ni mchezo unaoruhusu kwa pamoja ngumi za ndondi, mateke, magoti na viwiko vya ndondi za Kithai, mieleka, na ufundi wa kumkaba mpinzani au kumkunja viungo hadi akubali kushindwa, ambao asili yake ni judo na jujitsu. Wachezaji hupambana ndani ya kizimba cha waya badala ya ulingo wa kamba, wakiwa wamevaa glavu nyembamba zinazoacha vidole wazi ili waweze kushika. Pambano la kawaida ni la raundi tatu za dakika tano kila moja, na la kuwania mkanda ni la raundi tano. Uzani wa juu ni wa watu wanaozidi kilo 93 na wasiozidi takriban kilo 120. Pasipopatikana nokauti wala mtu kusalimu amri, majaji watatu hutoa alama, aliyeshinda raundi akipewa kumi na mwenzake tisa au pungufu. Jambo la kukumbukwa katika kanuni hizo ni kwamba pambano halisimami mtu anapoanguka. Mchezaji aliyelala chini anaendelea kupigwa, na asiyejua kuinuka huku mtu mzito amemlalia hana kimbilio.

Ngannou aliingia machimboni akiwa na umri wa takriban miaka kumi, kwa sababu ya umaskini wa nyumbani na kwa sababu karo na vifaa vya shule havikupatikana kwa njia nyingine. Kazi ya kuchota mchanga mbichi na kuutupa juu ya lori humjenga mtu kiuno, mgongo na vidole, na hakuna haja ya kukana kwamba mwili wa Ngannou, wenye urefu wa takriban sentimita 193 na mikono ambayo ikinyooshwa hufikia sentimita 211 kutoka ncha hadi ncha, ulinufaika. Lakini wenzake wengi walichota mchanga uleule kwa sepetu zilezile, na hawakuacha kumbukumbu yoyote isipokuwa maumivu ya mgongo. Kilichomtofautisha yeye ni kwamba alitaka kuwa bondia kama Mike Tyson, na hata hivyo alianza mazoezi ya ngumi akiwa na miaka 22, umri ambao mabondia wengi wa Olimpiki wameshapita mashindano yao ya kwanza makubwa. Machimbo, kwa maneno mengine, yalimnyang'anya miaka kumi ya kujifunza, na hasara hiyo ilikuja kuonekana wazi kizimbani baadaye.

Mwaka 2012 aliondoka Kamerun kuelekea Ulaya kwa njia ya nchi kavu, akapitia Nigeria, Niger na Algeria hadi Moroko, ambako alikaa karibu mwaka mzima akijaribu kuvuka bahari pamoja na wahamiaji wengine, akizuiwa na kurudishwa mara kwa mara. Alipofika Uhispania mwaka 2013 alizuiliwa kwa takriban miezi miwili, kisha akaenda Paris bila makao wala mtu wa kumpokea, akalala katika maegesho ya magari. Safari hiyo imeelezwa sana kwingine. Kwa mhadhara huu lililo muhimu ni kwamba Paris ndiko alikokutana na MMA Factory, klabu ya kocha Fernand Lopez, na kwamba mchezo uliomkuta huko hakuwa akiujua kabisa: alikuja kutafuta ndondi, akashauriwa kujaribu mapigano mchanganyiko kwa kuwa yangemletea kipato haraka zaidi, na mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2013 alikuwa tayari ameshapigana pambano lake la kwanza la kulipwa.

Desemba 2015 aliingia UFC, kampuni ya Marekani iliyo kubwa kuliko zote katika mchezo huu, na kwa miaka miwili hakuna aliyemsimamisha. Mtindo wake wa wakati huo ulikuwa rahisi kuueleza. Alisubiri katikati ya kizimba, mikono ikiwa chini kidogo, akimwachia mpinzani ahatarishe hatua ya kwanza. Mpinzani alipoingia, Ngannou alijibu kwa ngumi moja inayozunguka kutoka upande au inayopanda kutoka chini hadi kidevuni. Urefu wa mikono ulimpa nafasi ya kukosea kidogo na bado akafika. Tarehe 2 Desemba 2017, mjini Detroit, alimpiga Alistair Overeem wa Uholanzi, bingwa wa zamani wa ndondi za mateke, kwa ngumi ya kushoto iliyopanda kutoka chini, na pambano likaisha kabla ya dakika ya pili kutimia. Mwaka huohuo mashine ya kupimia nguvu ya ngumi ilimwonyesha alama 129,161, na magazeti yakailinganisha ngumi hiyo na gari dogo linalokwenda kasi. Tarakimu hiyo ilimtangaza Ngannou na ikamficha pia, kwa kuwa iliwafanya watazamaji, na pengine yeye mwenyewe, waamini kwamba hapakuwa na jambo lingine la kujua.

Pambano la kwanza la ubingwa lilifanyika Boston tarehe 20 Januari 2018, mpinzani akiwa Stipe Miocic, Mmarekani wa asili ya Kroatia ambaye alikuwa mzimamoto huko Ohio na aliyelelewa katika mieleka ya vyuo. Katika raundi ya kwanza Ngannou alirusha ngumi kwa nguvu zote, na nyingi zikapita juu ya kichwa cha Miocic aliyekuwa akiinama chini yake, akimshika miguu na kiuno na kumlaza. Tendo hilo, ambalo hapa litaitwa mwangusho, lilirudiwa mara sita usiku ule. Ngannou alipolazwa alijaribu kuinuka kwa nguvu za mikono, kama mtu anayeinua mzigo, badala ya kugeuza nyonga na kujitengenezea nafasi, na kila jaribio lilimgharimu pumzi. Kufikia raundi ya pili mdomo ulikuwa wazi na mikono haikupanda. Mwili uliozoea kazi ya siku nzima machimboni ulikuwa umechoka kabla ya dakika kumi kutimia, kwa sababu pumzi ya mpiganaji hutegemea jinsi anavyoitumia zaidi ya ukubwa wa kifua, na matumizi hayo hufundishwa. Majaji wote watatu walimpa Miocic ushindi wa 50 kwa 44, yaani Ngannou hakushinda hata raundi moja kati ya tano.

Miezi sita baadaye alipigana na Derrick Lewis mjini Las Vegas, na pambano hilo lilikuwa baya kuliko kipigo cha Boston, kwa sababu karibu hapakuwa na pambano. Kwa dakika kumi na tano wote wawili walifikishiana ngumi na mateke ya maana 31 tu, Ngannou akichangia 11, na Lewis akapewa ushindi. Ngannou alikiri hadharani kwamba hofu ya pambano lililotangulia ilikuwa imemfuata. Mtu aliyewahi kuzama huogopa kina, na Ngannou sasa aliogopa kuishiwa pumzi kuliko alivyoogopa kushindwa.

Kilichofuata kinasimuliwa kwa kawaida kama kurudi kwa nguvu zake za zamani. Kati ya Novemba 2018 na Mei 2020 aliwashinda Curtis Blaydes kwa sekunde 45, Cain Velasquez kwa sekunde 26, Junior dos Santos kwa sekunde 71 na Jairzinho Rozenstruik kwa sekunde 20, hivyo kwamba mapambano yote manne kwa pamoja yalichukua dakika 2 na sekunde 42. Wawili kati ya hao, Velasquez na dos Santos, walikuwa wamewahi kushika mkanda wenyewe. Lakini muda mfupi namna hiyo haumfundishi mtazamaji lolote kuhusu raundi ya tatu, na swali lililoulizwa Boston lilibaki bila jibu hadharani kwa zaidi ya miaka mitatu. Jibu lilikuwa likitayarishwa Las Vegas, katika klabu ya Xtreme Couture chini ya kocha Eric Nicksick, ambako mieleka na uchumi wa pumzi vilifanywa kuwa kazi ya kila siku.

Sehemu ya jibu ilionekana tarehe 27 Machi 2021, Miocic na Ngannou walipokutana tena mjini Las Vegas. Katika raundi ya kwanza Miocic aliinama kushika miguu kama alivyofanya Boston, na safari hii Ngannou alitupa miguu nyuma, akamwelemea kwa nyonga, kisha akamzunguka hadi mgongoni na kumpiga akiwa amepiga magoti. Kinga hiyo ndiyo ya kwanza kufundishwa kwa mwanafunzi wa mieleka, na Ngannou alikuwa ameikosa Boston. Mieleka yake iliposhindikana, Miocic alilazimika kupigana kwa ngumi na mtu ambaye hakufaa kupigana naye kwa ngumi. Sekunde 52 baada ya raundi ya pili kuanza alikuwa chini, na Ngannou akaungana na Kamaru Usman na Israel Adesanya, wazaliwa wa Nigeria wote wawili, kuwa bingwa wa tatu wa UFC kwa wakati mmoja aliyezaliwa Afrika. Watu wa Batié walimpokea barabarani alipourudisha mkanda nyumbani.

Hata hivyo, mwenye kutaka kumjua Ngannou kama fundi anapaswa kulitazama pambano la tarehe 22 Januari 2022 huko Anaheim, California, na kulitazama lote, pamoja na dakika zake za kuchosha. Mpinzani alikuwa Ciryl Gane wa Ufaransa, mtu mwepesi wa miguu kuliko uzani wake, ambaye hakuwa amewahi kushindwa na ambaye alikuwa mwanafunzi wa Fernand Lopez katika klabu ileile ya Paris. Aliwahi kufanya mazoezi na Ngannou, na kona yake usiku ule ilijua tabia zote za mtu aliyelelewa humo. Zaidi ya hayo, Ngannou alikuwa amejeruhiwa kano za goti la kulia wiki chache kabla, jeraha ambalo baadaye lilihitaji upasuaji, hata akashauriwa asipigane.

Raundi mbili za kwanza zilikwenda kama Gane alivyotaka. Alizunguka, akarusha mateke kutoka mbali, akaondoka kabla ya ngumi kufika, na Ngannou, ambaye goti halikumruhusu kusukuma hatua ya haraka, alikuwa akipiga hewa. Hapo ndipo palipotarajiwa makosa ya Boston yarudiwe, kwa kuwa mpiganaji wa nguvu anapokosa huwa anaongeza nguvu. Katika raundi ya tatu Ngannou alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika ushindi wake wowote mkubwa: alidaka teke la Gane, akamnyanyua na kumwangusha. Akamwangusha tena, na tena, jumla ya mara nne katika majaribio matano, na kila mara alibaki juu bila haraka, akimwekea uzito kifuani, akipiga kidogo tu kiasi cha kumridhisha refa kwamba kazi inaendelea. Katika raundi ya tano Gane alijaribu kumkunja mguu ili amlazimishe kusalimu amri, na Ngannou akatulia, akautoa mguu, akamalizia raundi akiwa juu. Majaji walitoa 48 kwa 47 mara mbili na 49 kwa 46, wote wakimpa Ngannou.

Ushindi huo haukupendeza macho, na wapenzi wa nokauti walilalamika. Lakini ndani yake mna somo la mchezo wote, kwa sababu mtu aliyekuwa akiogopewa kwa ngumi alishinda kwa kiuno, na aliyekuwa ameishiwa pumzi kwa raundi moja alimaliza raundi tano kwa mguu mmoja. Lolote ambalo machimbo yalimpa mtoto wa Batié, mwangusho haukuwamo. Aliupata ukubwani, baada ya umri wa miaka thelathini, kwa kufundishwa na kwa kurudia, na waliomfundisha ni watu wenye majina wanaostahili kutajwa kila ngumi yake inaposifiwa.

Baada ya Anaheim mgogoro ulihamia kwenye mkataba. Mabingwa wa UFC hufungwa na kifungu kinachoruhusu kampuni kurefusha mkataba wa anayeshika mkanda, na Ngannou alikataa kutia saini mpya kwa masharti yaleyale. Alidai ruhusa ya kupigana ndondi, uhuru wa kutafuta wadhamini wake, bima ya afya kwa wapiganaji na mtu wa kuwatetea wapiganaji mbele ya kampuni. Mazungumzo yalivunjika, na Januari 2023 kampuni ikamwachia na kuutangaza mkanda kuwa wazi. Bingwa kuondoka bila kupokonywa mkanda kizimbani ni jambo la nadra katika uzani huo. Mei 2023 alijiunga na PFL, kampuni nyingine ya mapigano mchanganyiko, kwa mkataba uliomruhusu kupigana ndondi, uliompa hisa na uenyekiti wa tawi la Afrika, na uliomhakikishia kila mpinzani wake malipo yasiyopungua dola milioni mbili. Sharti hili la mwisho linastahili kukaziwa macho na mchimbaji mdogo wa Nyatike, ambaye mara nyingi huuza dhahabu yake kwa bei anayotajiwa na mwenye mizani, kwa kuwa Ngannou alitumia nafasi yake ya kupanga bei kumpangia pia mtu ambaye angekuja kumpiga.

Ndondi zilimletea fedha na sifa kuliko ufundi mpya. Tarehe 28 Oktoba 2023 mjini Riyadh alimwangusha Tyson Fury, bingwa wa uzani wa juu, kwa ngumi ya kushoto katika raundi ya tatu, kisha akapoteza kwa alama kwa majaji kugawanyika. Tarehe 8 Machi 2024, katika mji huohuo, Anthony Joshua alimwangusha mara tatu na kummaliza katika raundi ya pili. Matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanathibitisha hoja ya mhadhara huu kutoka upande mwingine, kwani nguvu ilimfikisha mbali dhidi ya mtu aliyemdharau, na ikamwacha mikono mitupu mbele ya mtu aliyejiandaa na ambaye amekuwa bondia maisha yake yote ya utu uzima.

Mwezi mmoja baada ya pambano la Joshua, Ngannou alifiwa na mwanawe mdogo, Kobe, na kwa muda haikujulikana kama angerudi kizimbani. Alirudi tarehe 19 Oktoba 2024 kupambana na Renan Ferreira wa Brazil, mtu mwenye urefu unaozidi mita mbili, ambaye alimfanya Ngannou kuwa mfupi zaidi na mwenye mikono mifupi zaidi. Ngannou wa mwaka 2017 angesimama na kubadilishana ngumi. Huyu wa 2024 aliingia chini ya mikono, akamshika kiuno, akamlaza, akastahimili jitihada za mpinzani za kumkaba kutoka chini, kisha akampiga akiwa amemlalia hadi refa alipoingilia, dakika tatu na sekunde 32 tangu kengele. Mwangusho aliofanyiwa Boston ulikuwa sasa ndio silaha yake ya kwanza, na ngumi zilikuja baadaye kumalizia.

Tawi la Afrika la PFL, ambalo Ngannou alipewa uenyekiti wake, lilianza mapambano yake Cape Town Julai 2025, na Oktoba ya mwaka huo likafika Kigali, kwa hiyo kijana wa Afrika Mashariki anaweza sasa kulifikia kwa basi bila kuvuka jangwa wala bahari. Kwa Osiri na vijiji vya jirani swali ni la vifaa na walimu. Waluo wana mieleka yao ya jadi, olengo, na ingawa kanuni zake ni tofauti na za kizimbani, kiuno kinachomwangusha mtu ni kilekile, hivyo msingi haupaswi kuagizwa kutoka nje. Kinachohitajika ni mikeka ya kuangukia, mkufunzi anayejua kazi ya chini, yaani jinsi ya kuinuka, kugeuka na kupumua chini ya uzito wa mtu mwingine, daktari wa kuchunguza vichwa na mapafu, hasa ya waliowahi kuvuta vumbi la mawe na kushika zebaki, na utaratibu wa kuhakikisha kwamba mwanafunzi wa miaka kumi na miwili anafika mazoezini akitoka darasani. Ngannou mwenyewe, kupitia wakfu wake, amejenga ukumbi wa mazoezi Batié kwa ajili ya watoto wa huko, na katika ukumbi huo hakuna anayepewa sepetu.